Sura ya Saba: Ngege wa Maji Moto

Katika masoko ya Nakuru, mnunuzi wa samaki haanzi na bei. Anainama juu ya beseni, anainua shavu la samaki kwa kidole kuona kama ndani bado kuna wekundu, kisha anauliza: "Mama, hawa ngege ni wa wapi?" Akiambiwa ni wa Baringo, anaendelea kuchagua. Akiambiwa ni wa China, wale wanaokuja wamegandishwa ndani ya katoni, anaanza kubishania bei. Akishuku kwamba wamevuliwa hapo hapo mjini, ng'ambo ya uzio wa hifadhi ya Ziwa Nakuru, anamrudisha samaki taratibu, maana kila mkazi wa Nakuru anajua maji taka ya mji wake huelekea wapi.

Muuzaji ana jibu lake, na samaki naye ana lake. La samaki limo mwilini mwake mahali pawili: kwenye ngozi, ambapo mwenye macho makali anaweza kuliona sokoni, na ndani ya chembe zake, ambapo halionekani bila maabara. Kwa kawaida majibu hayo mawili hukubaliana. Katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamekuwa yakikosana, na chanzo cha ugomvi huo ni sisi wenyewe.

Tuanze na ngozi. Mkunjulie ngege mkia wake kwa vidole viwili, kama unavyokunjua kipepeo cha ukili. Ikiwa ni Oreochromis niloticus, ngege wa Nile, utaona mistari myembamba iliyosimama wima, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka shina la mkia hadi ukingoni. Ikiwa ni binamu yake Oreochromis leucostictus, ambaye asili yake ni maziwa ya Albert, Edward na George huko Uganda na Kongo, mistari hiyo ya mpangilio huikuti. Badala yake mapezi na mbavu, hasa za dume, zimetapakaa madoa madogo meupe juu ya weusi. Nitamwita ngege wa madoa, ili tusichoke na Kilatini. Ngege wa madoa hakui sana, na wafugaji hawampendi. Lakini ni mstahimilivu, na hachagui nyumba za watu pale anapotafuta mchumba.

Kwa nini asili ya samaki iwe jambo la kuulizwa hata kidogo? Baharini, mara nyingi swali hili halina jibu la kuvutia. Changu wa Lamu na changu wa Msambweni hutaga mayai yanayoelea. Viluwiluwi vyao hubebwa na mkondo wa bahari unaopanda kaskazini kufuata pwani ya Afrika Mashariki, na hujikuta mbali na walipotagwa kabla hata hawajajua kuogelea kwa nguvu zao. Kwa samaki wa aina hiyo, vinasaba vya pwani nzima huchanganyika mfululizo, na mtaalamu anayetafuta mipaka kati ya ukoo na ukoo huenda akapima mamia ya kilomita asiione.

Bahari ina wasiofuata desturi hiyo, na mashuhuri zaidi ni silikanti. Samaki huyu mzito wa vilindini alianza kunaswa kwenye majarife ya wavuvi wa Tanga miaka ya 2000, kwa wingi uliowashangaza wanasayansi. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Masato Nikaido wa Japani walichapisha matokeo ya DNA yao: silikanti wa Tanga ni kundi la peke yake, lililoachana na wenzao wa Komoro na wa kusini mwa Tanzania miaka isiyopungua 200,000 iliyopita. Bahari ni moja, hakuna ukuta. Ila silikanti hatagi mayai ya kuelea. Anazaa watoto walio hai, wakubwa, na hakuna mkondo unaowabeba.

Ngege yuko upande wa silikanti. Dume huchimba kiota kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yote kwa mdomo na kukaa nayo humo kinywani, bila kula, hadi yaanguliwe, na hata vifaranga wakishatoka huwaita tena ndani hatari ikikaribia. Watoto wa ngege hukulia walipozaliwa. Ongeza kwamba anaishi katika maziwa yaliyotenganishwa na milima, miamba ya volkeno na nyika kavu, nawe utaelewa kwa nini Bonde la Ufa ni mahali ambapo koo za samaki zinaweza kutengana zikiwa karibu kiasi cha kusikiana majogoo.

Haikuwa nyika wakati wote. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita mvua ilikuwa kubwa, na Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu; ukisimama leo kwenye kilima cha Hyrax, hapo karibu na barabara ya Nairobi, unasimama mahali palipopigwa na mawimbi yake. Naivasha ilijaa hadi ikatoboka kusini kupitia korongo la Hell's Gate. Baringo ilimwagikia kaskazini kwenye bonde la Suguta, na maji yakaendelea hadi Turkana, na Turkana nayo ikafurika hadi Nile. Ndiyo njia aliyopitia ngege wa Nile kufika kwetu. Mvua zilipopungua, njia ikakatika, na waliobaki kusini mwake wakaanza kuishi kivyao. Ngege wa Baringo wametengana na wenzao kiasi kwamba mwaka 1983 Ethelwynn Trewavas, bingwa wa samaki wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London, aliwapa jina lao wenyewe, baringoensis.

Baada ya mvua kukoma kuwabeba samaki, binadamu alishika kazi hiyo, tena kwa bidii.

Naivasha ndiko kulikotiwa samaki wengi zaidi. Samaki wake wa asili alikuwa mdogo wa kidole, na alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Wengine wote unaowajua ni wageni. Mwaka 1925 aliletwa Oreochromis spilurus niger, ngege mweusi wa mito ya Athi na Tana. Mwaka 1929 wakaja besi wa Marekani, kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoano. Mwaka 1956 likaja kundi lingine, na ndani yake alikuwamo ngege wa madoa. Uvuvi wa biashara ulipoanza mwaka 1959, wageni hawa wawili, wa Athi na wa Uganda, walikuwa tayari wanashiriki viota. Kilichofuata kiliandikwa na wanasayansi mwaka 1971 na bado hutajwa: machotara wakaongezeka, wakaendelea kuzaana na ngege wa madoa, na baada ya miaka michache ngege mweusi akawa hayupo tena ziwani. Hakuna aliyemuua. Hakuvuliwa akaisha, wala hakuugua. Alioa na kuolewa hadi akapotea ndani ya ukoo wa wakwe.

Naona huo ndio ufafanuzi bora wa hatari ninayotaka kuieleza, kwa sababu mvuvi wa Naivasha wa miaka ile hakuona msiba wowote. Nyavu zilijaa kama kawaida.

Ziwa Nakuru nalo lina mgeni wake. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alitolewa Magadi samaki mdogo Alcolapia grahami, anayestahimili magadi na joto ambalo lingeua ngege yeyote wa kawaida, akamwagwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Mbu hawakuisha, kama mkazi yeyote wa Nakuru anavyojua. Ila samaki walizaana kwa maelfu, na wakawaleta mwari, ambao hadi leo hutaga mayai kwenye miamba ya Elmenteita na kuja Nakuru kula. Huko Magadi kwenyewe, Geraldine Kavembe na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba vikundi vya samaki huyu vilivyotenganishwa na tope la magadi vinatofautiana waziwazi kwa vinasaba, ingawa vyote viko katika bonde moja. Waliokuja Nakuru walikuwa kiganja tu cha utofauti ule.

Sasa twende Baringo, ambako ngozi ilisema hivi na chembe zikasema vile.

Mwanasayansi wa vinasaba hahitaji samaki mzima. Anakata kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, anakitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti, anaandika namba kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka humo, na samaki anaweza kurudishwa majini. Kutokana na kipande hicho husoma mambo mawili. La kwanza ni DNA ya kiini cha chembe, ambayo kila mtoto huipata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Humo hutazamwa vipande vifupi vinavyojirudiarudia, ambavyo urefu wake hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo. La pili ni DNA ya mitokondria, vile vijitanuru vya nishati ndani ya chembe. Hiyo hutoka kwa mama peke yake. Baba hachangii kitu.

Dorothy Wanja Nyingi, mtaalamu wa samaki wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Jean-François Agnèse wa Montpellier, Ufaransa, walipima ngege wa Baringo kwa njia zote mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2007. DNA ya kiini ilisema: huyu ni ngege wa Nile, wa Baringo, hana kasoro. Ngozi ilikubali. Mkia una mistari yake. Lakini baadhi ya samaki hao walibeba mitokondria ya ngege wa madoa, katika ziwa ambalo ngege wa madoa hakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa wakazi wake.

Hesabu yake si ngumu. Jike wa madoa akizaa na dume wa Nile, watoto ni nusu kwa nusu. Binti yao akizaa na dume wa Nile, wajukuu wana robo tu ya bibi. Endelea hivyo, kila mara binti akiolewa na wa Nile, na kufikia kizazi cha saba sehemu ya bibi katika kiini imeshuka chini ya asilimia 1. Hakuna jicho litakaloiona na vipimo vingi vitaikosa. Mitokondria haikupungua hata chembe. Bibi amefutika usoni kwa wajukuu lakini kila mmoja wao anapumua kwa tanuru lake.

Mahali fulani, wakati fulani usio wa zamani sana, mtu alimwaga ndoo. Huenda alikuwa afisa mwenye nia njema, huenda mfugaji aliyehamisha vifaranga. Baringo inayajua mambo hayo: kamongo, ambaye sasa ni sehemu kubwa ya riziki ya wavuvi wa pale, aliingizwa miaka ya 1970, na wanaosimulia husema walikuwa watatu tu.

Nyingi na wenzake hawakuishia ziwani. Ukitoka Nakuru kwa barabara ya Mogotio kuelekea Marigat, ukakata kulia kwenda Bogoria, kabla ya lango la hifadhi unapita kinamasi cha Loboi, matete na mafunjo yaliyosimama kijani kibichi katikati ya nchi ya migunga na vumbi. Ziwa Bogoria lenyewe ni chumvi na halina samaki. Kinamasi kinalishwa na chemchemi tatu za maji moto: ya Hoteli ya Ziwa Bogoria, ya Chelaba, na ile iitwayo Turtle. Maji yake hayaunguzi, ila ya chemchemi ya hoteli hukaribia nyuzi joto 36, ambazo kwa ngege wa kawaida ni mateso. Na humo wamo ngege. Mwaka 2009 walitangazwa katika jarida la ufugaji wa samaki kuwa kundi la asili lisilojulikana hapo kabla, na lililo hatarini.

Wafugaji wa dunia wangepaswa kusimama na kutega sikio. Tatizo kubwa la ngege bwawani ni uzazi: majike huanza kutaga wakiwa wadogo, bwawa linajaa watoto, na mwisho wa msimu unavuna vidagaa. Kwa hiyo wenye vituo vya kutotolesha huwalisha vifaranga homoni ili wote wawe madume. Inajulikana pia kwamba joto la karibu nyuzi 36 katika siku za mwanzo linaweza kuwageuza majike wa ngege kuwa madume. Kundi lililokaa vizazi kwa vizazi katika joto la namna hiyo, likaendelea kuzaana, lazima liwe na namna yake ya kubaki na jinsia mbili. Huenda siri hiyo iko ndani ya vinasaba vyake, na vinasaba hivyo viko Loboi.

Mwaka 2014 Titus Ndiwa, Nyingi na Agnèse walichapisha kipimo cha kina zaidi, wakilinganisha chemchemi zote tatu na makundi mengine matatu ya ukanda huu. Nilitarajia kusoma habari za umaskini: chemchemi ni ndogo, samaki ni wachache, basi vinasaba vitakuwa vimepungua. Matokeo yalikuwa kinyume. Utofauti wa vinasaba katika chemchemi hizo ulilingana na ule wa maziwa makubwa, na pengine kuupita. Maelezo yao yananiridhisha: maji haya hutoka chini kabisa ardhini, hayangoji mvua. Ziwa hupungua na kujaa, na kila likipungua koo zingine hukatika, lakini chemchemi haikauki.

Jambo la pili lilikuwa geni zaidi. Chemchemi hizo ziko karibu sana, zinamwagika katika kinamasi kimoja, na bado samaki wa kila moja wanatofautiana na wa nyingine. Kinamasi kinachoonekana kwetu kuwa daraja, kwa ngege huenda ni ukuta.

La tatu lilikuwa baya. Mitokondria ya ngege wa madoa ilikuwa imefika katika chemchemi zote tatu, na vipimo vya kiini vilionyesha dalili kwamba hata huko baadhi ya jeni zake zimeshavuka. Waandishi walinyooshea kidole mabwawa ya kufugia samaki yaliyoongezeka juu ya mkondo.

Mabwawa hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2009, katika mpango wa serikali wa kuinua uchumi, yalichimbwa mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140. Kila bwawa lilikuwa na mita za mraba 300 na lilitengewa vifaranga 1,000. Piga hesabu: mabwawa 28,000, vifaranga milioni 28, vyote vikihitajika kwa wakati mmoja katika nchi ambayo vituo vyake vya kutotolesha vilikuwa vya kuhesabika. Mtu akihitaji vifaranga milioni 28 haulizi sana mama zao ni nani. Simlaumu mkulima aliyepewa mfuko wa plastiki wenye vifaranga akaumwaga bwawani mwake; ningefanya vivyo hivyo. Lawama yangu iko juu zaidi, kwa waliopanga idadi bila kupanga mbegu. Mvua kubwa ikinyesha bwawa hufurika, na kinachofurika huteremkia mkondo. Na tangu mwaka 2010 maji ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda: Nakuru, Naivasha, Baringo na Bogoria zimemeza barabara, shule na malango ya hifadhi. Katika Ziwa Nakuru maji yamezimuka hadi ngege wa Nile wamejipatia makao mahali ambapo zamani magadi yangewaua.

Kuna mkasa mmoja wa nje ambao maafisa wa uvuvi wangefaa kuujua kwa moyo. Mwaka 1988, huko Ufilipino, ulianza mradi wa kuzalisha ngege bora wa kufugwa. Waanzilishi wa ukoo huo walikusanywa porini Misri, Ghana, Senegal na Kenya, wakachanganywa na ngege waliokuwa wakifugwa Asia, wakachaguliwa kizazi baada ya kizazi. Samaki huyo, GIFT, amelisha mamilioni ya watu. Kwa miaka mingi shirika lililomzalisha lilikataa kumrudisha Afrika, kwa kuhofia kwamba akitoroka atazaana na ndugu zake wa porini na kuharibu hazina ambayo yeye mwenyewe alichotwa humo. Wageni walikuwa na hofu hiyo kwa niaba yetu kabla sisi hatujawa nayo.

Hazina ya nani, hilo nalo ni swali. Nchi inayozunguka Bogoria ni ya Waendorois, waliohamishwa miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama, na ambao mwaka 2010 walipata uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ilikiuka haki zao, pamoja na haki ya kunufaika na mali ya ardhi ile. Asali, malisho na dawa za mitishamba zilitajwa sana katika mjadala wa miaka hiyo. Ngege wa chemchemi hawakuwa wakijulikana. Siku mwekezaji atakapotaka wazazi wa vifaranga wanaovumilia joto, katika dunia ambayo mabwawa yanazidi kupata moto, mazungumzo yatabidi yaanzie kwa wazee wa Loboi.

Yanayotakiwa kufanywa si makubwa. Mabwawa ya juu ya mkondo yakaguliwe, na yaliyo na ngege wa madoa yakaushwe. Wanaofuga jirani wapewe vifaranga waliototoleshwa kutoka chemchemi zenyewe, ili hata wakitoroka wawe wanarudi kwao. Na hapo panahitajika uangalifu ambao haukuwamo katika mipango ya awali: haitoshi kusema "vifaranga wa Loboi." Wazazi wa Chelaba wakae tangi lao, wa Turtle lao, wa chemchemi ya hoteli lao, kila mmoja akatwe kipande cha pezi kabla ya kuruhusiwa kutaga, na jike atakayekutwa na mitokondria ya ngege wa madoa, hata awe na mkia wenye mistari mizuri kiasi gani, auzwe sokoni Marigat kwa bei ya siku hiyo.